Kipepeo wa Wifi

Watu wa lugha nyingine wameupa wivu rangi: wapo wanaouona wa kijani, wapo wanaouona wa njano. Kiswahili hakikujisumbua na rangi. Kiliutazama usoni, kikaona jicho dogo linalochungulia, kikauita kijicho. Aliyebuni neno hilo lazima aliwahi kuishi katika nyumba ambayo dirisha lake linatazamana na dirisha la wifi yake.

Fundi Meno aliishi katika nyumba kama hiyo. Yeye na mumewe walikaa ghorofa ya tatu, upande mmoja wa ua wa saruji uliojaa kamba za kuanikia nguo na baiskeli zisizo na wenyewe. Upande wa pili wa ua, ghorofa ya tatu vilevile, alikaa dada wa mumewe. Nguo za huyu na za yule zilikauka kwenye kamba moja. Asubuhi mmoja akifungua dirisha, mwingine alijua ameamka vizuri au vibaya kwa jinsi komeo lilivyolia.

Jina la Fundi Meno alipewa na majirani, naye alilipenda. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, chumba chenye harufu ya nta na plasta, na mashine ndogo ya kusugulia iliyolia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Daktari aling'oa, yeye alirudisha. Alichojivunia zaidi katika kazi hiyo ni rangi. Watu hudhani meno ni meupe, basi. Yeye alijua kuna meno ya maziwa, ya pembe, ya chai na ya moshi, na kwamba jino jeupe kupindukia likiwekwa mdomoni mwa mzee litapiga kelele hata akinyamaza. Jicho hilo alitembea nalo kila mahali. Akinunua uzi wa kushonea kifungo, muuzaji alilazimika kutoka nao nje kwenye mwanga.

Jicho hilo ndilo lililompeleka kwa vipepeo. Siku moja alikuja kliniki mama mmoja mwenye vidole vyeusi kwa wino, amevunjika jino la mbele. Alikuwa msanii anayechonga mbao na kuchapa picha, na sifa zake zilikuwa zimeshaanza kuvuka mipaka. Fundi Meno alimtengenezea jino ambalo hata ulimi wake haukulijua kuwa mgeni. Kwa shukrani Mchapaji, maana ndivyo wote walivyomwita, alimkaribisha karakanani kwake, nyuma ya duka la matairi. Huko Fundi Meno aliwakuta vipepeo wamebanwa kwenye kamba wakikauka kama nguo za watoto: wa buluu, wa kahawia, mmoja mwenye macho ya bundi mgongoni. Alitoka na mmoja kwapani. Toka hapo hakupona.

Inafaa kueleza jinsi Mchapaji alivyofanya kazi, kwa sababu bila hilo wivu wote unaofuata utaonekana wazimu. Alitumia ubao mmoja tu kwa picha nzima. Alichonga kidogo, akapaka wino wa manjano, akachapa karatasi zote za toleo hilo. Kisha akarudi kwenye ubao uleule, akachonga zaidi, akapaka rangi ya chungwa, akachapa juu ya manjano. Kisha nyekundu. Kisha nyeusi. Kila rangi mpya ilikula sehemu ya ubao, hata mwisho kikabaki kiunzi cha mbao chenye mishipa ya mabawa na si kingine. Karatasi ikiharibika kwenye nyekundu, huwezi kurudi kuichapia nyingine manjano. Manjano yameshakuwa takataka sakafuni. Wapo wasanii wanaotangaza toleo lenye kikomo, halafu kikomo kikasogea pale wateja wanapoongezeka. Kwa Mchapaji kikomo kilikuwa kikomo. Karatasi zilizosalimika aliziandika namba na jina lake kwa penseli, chini ya picha, na wenye kuzikusanya waliziita ndugu, kwa kuwa zilitoka tumbo moja na tumbo lenyewe halizai tena.

Fundi Meno akawa mjuzi wa ndugu hao. Kabla mtu hajanunua, aliletewa aitazame. Aliangalia kama saini ni ya penseli kweli, kama pembezoni pametunzwa au kuna mjinga aliyepunguza kwa mkasi ili ienee kwenye fremu, kama kuna madoa ya unyevu au alama ya kukunjwa. "Hii ni nzima," alisema, au, "Hii imeugua." Thamani ilipanda au kushuka kwa neno lake. Na yeye alimpa kila mtu onyo moja: usiiweke juani, hasa nyekundu, maana wino ule mwekundu Mchapaji aliuchanganya mwenyewe na ulikuwa mzuri na dhaifu kama mtoto njiti. Vipepeo wake mwenyewe aliwatundika kwenye ukumbi mwembamba usio na dirisha. Mumewe, fundi wa mafriji na mtu wa maneno machache, alipita humo akielekea bafuni na kusema, "Salamu, wadudu."

Ndipo wifi akahamia.

Wifi alikuwa msusi. Ndoa yake ilipofika ukingoni alirudi mjini na masanduku matatu na mashine ya kukaushia nywele, akapanga nyumba ile ya mbele, akafungua saluni chini yake. Ukipenda boga penda na ua lake, wazee walisema; hakuna aliyemwonya Fundi Meno kwamba ua lenyewe litahamia mkabala. Wifi alikuwa mtu wa kicheko kikubwa, mikono inayong'aa mafuta, na tabia moja iliyomtoa Fundi Meno roho: kuiga. Fundi Meno aliponunua birika la bati lenye madoa ya buluu, wiki iliyofuata birika kama hilo lilipumua moshi dirishani mwa pili. Alipokata nywele fupi, wifi alikata fupi, na kwa kuwa ni msusi, zikampendeza zaidi.

Siku ya kwanza alipoingia kwenye ule ukumbi mwembamba alisimama, akashika kiuno.

"Wifi, unaficha vitu vizuri namna hii kama mwizi?"

"Siwafichi. Nawatunza."

"Na wanauma?"

"Wanauma mfuko tu."

Alicheka mpaka kuta zikaitikia. Mwezi haukwisha, naye akawa na kipepeo. Kisha wa pili. Fundi Meno alijitia hamnazo, akajifariji kwamba wifi hajui tofauti ya chapa na kalenda. Lakini lililomchoma ni kugundua kwamba Mchapaji sasa anasukwa nywele na wifi. Kila baada ya majuma kadhaa, mama yule alikaa kwenye kiti cha saluni, kichwa chake mikononi mwa wifi, wakipiga soga mchana kutwa. Fundi Meno aliwaona akiwa juu, dirishani. "Yeye ana kichwa chake," alimwambia mumewe, "lakini mimi nina jino lake."

"Kila mtu na kiungo chake," mumewe alisema, akaendelea kula.

Mwaka huo Mchapaji alichapa Kipepeo Mwekundu. Alikuwa na mabawa wazi yaliyojaza karatasi mpaka kingo, wekundu wa kina, wa moto uliotulia, na juu yake mishipa myeusi myembamba. Walisalimika ndugu ishirini na wawili tu. Fundi Meno alipata namba tatu. Alikuwa bado anashangilia ngazini alipokutana na wifi, naye ana bahasha kubwa mkononi.

"Mimi wangu ni wa kumi na saba," wifi alisema. "Wako?"

"Tatu."

"Kwa hiyo mimi nimekuzidi."

"Kwenye chapa, wifi, namba haina mkubwa."

"Mbona umeitaja kwa kujivuna hivyo?"

Fundi Meno alipanda ngazi zilizobaki. Na hapo, yeye aliyewaonya watu wote, alifanya kosa ambalo mtu asiyejua chapa asingekuwa na sababu ya kulifanya. Alimpeleka namba tatu kwa fundi fremu, akamtundika sebuleni, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, mahali ambapo mtu wa ng'ambo ya ua akiinua macho atamwona. Wiki moja tu, alijiambia, amwone, ajue. Wiki ikazaa mwezi. Mwezi ukazaa mwaka, na mwaka ukazaa mwenzake. Asubuhi jua lilipoingia lilimkuta kipepeo akiwa kazini.

Wifi hakuwahi kumtundika wa kwake. Kuta zake zilikuwa zimejaa vioo. Hilo nalo lilimuuma Fundi Meno, maana mashindano yanataka watu wawili.

Kisha habari ikaja. Jumba la sanaa la mjini lilikuwa linaandaa maonyesho makubwa ya kazi za Mchapaji, na Mchapaji mwenyewe hakuwa na Kipepeo Mwekundu hata mmoja. Wake wa akiba alikuwa ameloweshwa na bomba lililopasuka. Wengi wa ndugu wale walikuwa wameshasafiri na wenyewe kwenda nchi za mbali. Mwishoni mwa mwezi, Mchapaji alisema, wenye wekundu waliobaki walete, wawekwe kwenye meza moja, naye atachagua mmoja wa kutundikwa katikati ya ukumbi. Jina la mwenye kipepeo huyo litaandikwa ukutani.

Kati ya waliobaki mjini, wenye karatasi nzima walikuwa wawili. Kila mtu alijua ni nani.

Fundi Meno alianza kulala vibaya. Alijiona amesimama chini ya jina lake ukutani, watu wakimwuliza, naye akijibu kwa upole. Kila mara katika ndoto hiyo wifi alikuwa mahali fulani nyuma, karibu na mlango, ameshika pochi. Lakini hakutaka kungoja hadi siku ya meza. Alitaka kumwona namba kumi na saba kwa macho yake, amkute na doa, au kona iliyokunjika, apumzike.

Alivuka ua alasiri moja kwa kisingizio cha kurudisha chujio.

"Chujio hili nilikuazima lini?" wifi aliuliza.

"Zamani. Hebu nionyeshe kipepeo wako."

Wifi alimtazama kidogo, kisha akapiga magoti mbele ya kabati, akavuta droo ya chini kabisa, akaondoa mashuka. Chini yake, katikati ya kadi mbili nyeupe, ndipo alipolala namba kumi na saba.

"Nilisikia ukiwaambia watu wasiwaweke juani," wifi alisema. "Mimi nikamfunika kama mtoto."

Fundi Meno hakusikia. Wekundu ulikuwa umemrukia machoni. Ulikuwa wa kina, unapumua. Ilikuwa kama mtu ameufungua mlango wa tanuri. Hakukuwa na doa, hakukuwa na kona. Na kilichomkata maini ni kwamba hakukumbuka wa kwake kuwa hivi.

Kazi ilikuwa imemfundisha asiiamini kumbukumbu katika mambo ya rangi. Mkobani alikuwa na kipande cha nta ya ufizi, ile nta ya rangi ya waridi iliyokolea ambayo juu yake hupanga meno kabla ya kuyamwagia plastiki. Wifi alipokwenda jikoni kuipua chai, alikitoa haraka, akakiweka pembeni mwa bawa. Kipepeo aliizidi nta kwa mbali. Nta ilionekana maji. Alikirudisha mkobani, akanywa chai iliyomuunguza, akaaga. Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wake, akainua nta ileile juu ya kioo.

Zilifanana.

"Mume wangu!" aliita. "Njoo uone. Kipepeo wangu ana rangi ya ufizi!"

Mumewe alikuja na bisibisi mkononi, akatazama. "Si ndivyo alivyokuwa?"

Hilo ndilo lililomtia moto. Kumbe ndivyo alivyokuwa! Kumbe tangu siku ya kwanza amepewa karatasi dhaifu, wino wa mwisho mwisho, na ile iliyoshiba akawekewa msusi. Yote yakajipanga: kiti cha saluni, soga za mchana kutwa, kicheko. Mtu akikushika kichwa kila mwezi lazima utamchagulia. Usiku kucha Fundi Meno alimhesabia Mchapaji dhambi zake, na asubuhi aliomba ruhusa kazini, akamfunga kipepeo kwenye shuka, akaenda nyuma ya duka la matairi.

Mchapaji alikuwa ameinama juu ya ubao mpya, nywele zimesukwa upya, mistari imenyooka kama jembe limepita. Kuiona tu mistari hiyo kulimpandisha Fundi Meno hasira.

"Mama, jino langu unalitumia?"

"Ninalitafunia kila siku, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Kwa nini wifi yangu umempa damu, mimi ukanipa ufizi?"

Alifungua shuka. Mchapaji alifuta mikono kwenye aproni, akasogea, akamwinamia kipepeo kwa muda mrefu. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Nilichapa wote asubuhi moja," alisema. "Wino ulikuwa kwenye sahani moja."

"Nimewalinganisha kwa macho yangu."

"Sikatai."

Alimgeuza kifudifudi mezani. Kwa koleo ndogo alivuta vipini vya nyuma ya fremu kimoja kimoja, akaondoa ubao wa mgongo, akamtoa kipepeo pamoja na ile kadi nyeupe yenye dirisha katikati ambayo fundi fremu huweka kati ya kioo na picha. Kadi hiyo ilikuwa imefunika kidogo kingo za mabawa. Mchapaji aliiinua.

Chini yake, kuzunguka kipepeo mzima, kulikuwa na mstari mwembamba wa wekundu. Ulikuwa wekundu uleule wa kwenye droo, mzima, wa siku ya kwanza. Pale kadi ilipoishia, rangi ilianguka ghafla ikawa ya waridi, kama ngozi ya kidole cha mtu aliyevua pete aliyoivaa miaka.

Fundi Meno alikaa.

"Ulimtundika wapi?" Mchapaji aliuliza.

"Sebuleni."

"Mkabala na dirisha?"

"Mkabala na dirisha."

"Wewe! Dirisha la kutazama wapi?"

Fundi Meno alitazama sakafu, mahali ambapo vipande vya mbao vilikuwa vimerundikana. Mchapaji aliyajua yale madirisha mawili. Alikuwa amekaa chini yake mara nyingi akisukwa. Hakurudia swali.

"Huwezi kumrudishia rangi?" Fundi Meno aliuliza hatimaye. "Kidogo tu, kwa brashi. Mkono ni wako mwenyewe."

"Nikimgusa leo nitakuwa nimeghushi picha yangu. Na ubao ulishaisha, mwanangu, unajua."

"Kwa hiyo kwenye maonyesho..."

"Huyu hawezi kwenda."

Njiani kurudi alimshika kipepeo kifuani, shuka likimpepea miguuni. Mtoto anayekua mbele yako humwoni akirefuka. Rangi inayokufa mbele yako nayo ni hivyohivyo. Kila asubuhi alikuwa amemtazama, na kila asubuhi alikuwa amemwona yuleyule wa jana. Hata jicho la rangi, akawaza kwa uchungu, linahitaji kitu cha kulinganisha, na yeye kwa miaka yote hiyo alikuwa akilinganisha dirisha na dirisha.

Aliingia uani akasikia nyundo. Akainua macho. Wifi alikuwa amesimama juu ya kiti, misumari mdomoni, amekiondoa kioo kimoja kikubwa ukutani. Mahali pake, ndani ya fremu nyembamba nyeusi kama ya Fundi Meno, ya fundi yuleyule, alikuwa anatundikwa namba kumi na saba.

Wifi alimwona, akatema misumari mkononi. "Wifi! Nimeona nikuige tena! Wako amekaa juani miaka na hajafa! Sasa watazamane wenyewe kwa wenyewe!"

Lile dirisha la wifi lilitazama magharibi. Jua la kwake halikuwa la asubuhi, la kubembeleza. Lilikuwa la alasiri, lile linalopasua rangi ya milango.

Fundi Meno alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akapunga mkono, akapanda ngazi.

Zilipita siku kadhaa. Hatuna budi kusema ukweli: zilikuwa tamu. Kila alasiri alirudi kutoka kazini, akavuta kiti dirishani, akatazama mwanga ukitambaa kwenye ukuta wa pili, ukipanda, ukimfikia kipepeo kwenye ncha ya bawa, ukimlamba mpaka upande wa pili. Hakuwa amefanya lolote. Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Mtu ameiga, na aliyeiga amepata alichoiga. Wifi akimpeleka mezani mwishoni mwa mwezi, pengine ataonekana bado mzima, lakini baada ya hapo atarudi ukutani, na mwaka mmoja, miwili, watakuwa sawa, ufizi kwa ufizi.

"Siku hizi unakaa dirishani kama umeajiriwa hapo," mumewe alisema.

"Natazama kipepeo wa dada yako."

"Huyo dada tangu utotoni. Nikinyolewa, naye anataka kunyolewa. Siku moja nilivunjika mkono, akafunga wa kwake kitambaa wiki nzima." Alitabasamu. "Alikuwa anadhani kila nilicho nacho mimi ndicho kizuri."

Fundi Meno aligeukia dirisha tena. Lakini kesho yake mwanga ulipomfikia kipepeo, utamu haukuja. Alijaribu kuukumbuka wekundu ule, ule wa kwenye droo, akashindwa. Kumbukumbu ilimpa waridi. Wa Mchapaji amelowa. Wa kwake amekufa. Waliobaki wazima wako ughaibuni kwenye kuta za watu asiowajua. Katika mji mzima, kile alichokipenda siku alipompata namba tatu kilikuwa mahali pamoja tu, kwenye ukuta wa mwanamke ambaye hawezi kumvumilia, na jua lilikuwa linakinywa mbele ya macho yake. Alimwonea wivu hata jua.

Alinyanyuka, akachukua fremu yake, akavuka ua.

Wifi alikuwa anachemsha maji. Fundi Meno hakusalimia.

"Mshushe."

"Nani?"

"Kipepeo. Mshushe, umrudishe kwenye droo."

Wifi aliweka mikono kiunoni. "Loo! Miaka yote hii wako ananitazama mimi kama polisi. Nimemtundika wangu siku chache tu, umeshakuja mbio. Huo ni wivu, wifi."

"Ndiyo. Ni wivu. Mshushe."

Wifi alikuwa amejiandaa kwa kila jibu ila hilo. Kisha akacheka, lakini kicheko kifupi. "Hapana. Unataka mimi nirudi drooni ili wewe uendelee kuringa peke yako. Namjua kaka yangu, nakujua na wewe. Hashuki mtu hapa."

Kulikuwa na njia moja tu ya kuaminiwa, na Fundi Meno aliijua tangu alipokuwa ngazini. Ndiyo maana alikuja na fremu. Alilaza namba tatu juu ya meza, kati ya vitana na makopo ya mafuta. Alifungua mgongo, akamtoa kipepeo, akamsogeza karibu na dirisha ili asibaki na pa kujificha.

"Njoo utazame. Huyu ndiye niliyekuwa naringia."

Akainua kadi.

Wifi aliinama. Alitazama waridi, akatazama mstari mwekundu pembeni, akatazama ukutani kwake, akarudi kutazama mstari. Mkono wake ulipanda mdomoni. Kisha akapanda juu ya kiti na kumshusha namba kumi na saba kwa pupa mpaka msumari ukatoka na plasta.

Wakawa wamesimama, kila mmoja ameshika wake.

"Umejua lini?" wifi aliuliza.

"Siku ile ulipokuwa na nyundo."

"Siku ile? Na ukanipungia mkono?"

"Nikakupungia."

"Ukakaa pale kila siku ukinitazama tu?"

"Nikakaa."

"Wewe ni wifi mbaya sana."

"Mbaya. Lakini nimekuja."

Wifi alifikiri. Maji yalikuwa yamechemka yakipiga kifuniko, na hakuna aliyekwenda kuyazima. "Basi tutasema ni wa familia," alisema. "Waandike majina yote mawili ukutani."

"Sitaki jina la kuazima," Fundi Meno alisema, akaanza kufunga fremu yake. "Kazime maji yako."

Mwishoni mwa mwezi Mchapaji hakuhitaji hata meza. Siku ya ufunguzi namba kumi na saba alitundikwa katikati ya ukumbi, taa hafifu ikimwangazia kwa adabu, na chini yake jina la wifi, herufi kubwa. Watu walijaa. Wifi alivaa gauni lenye mabega, akawa anawaeleza wageni, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, jinsi yeye tangu mwanzo alivyojua kwamba nyekundu hii ni dhaifu, jinsi ambavyo mkusanyaji makini hawezi kuishughulikia kienyeji, na jinsi thamani ya chapa ilivyo katika kutunzwa. Mzee mmoja mwenye miwani aliandika aliyosema.

Fundi Meno alisikia kila neno. Roho ilimuuma vilevile kama siku ya birika, pengine zaidi. Alipenya katikati ya watu mpaka mbele kabisa, akasimama karibu na kioo kadiri mlinzi alivyoruhusu, akatazama. Akatazama bila kupepesa, kama mtu anayekunywa.

"Wifi!" Msusi alikuwa amefika kwa kicheko, amemfungulia mikono, na mpiga picha nyuma yake. "Njoo upigwe picha na mimi, hapa mbele ya jina."

"Baadaye," Fundi Meno alisema. "Sogea kwanza. Unanizibia."